Jina Yenye Mashini Ilitupa

Bruxelles, siku ya Mungu kisha misa

Yaya Mauwa mupenzi,

Jambo sana kutoka huku kwenye baridi. Naomba hii barua ikukute umesimama na miguu yako mbili, batoto banakula, na kile kikohozi cha Mama kimepunguka. Mi, mwili iko muzima. Roho njo haiko muzima, lakini hiyo utaisoma.

Mbele ya yote, kaa chini. Umekaa? Bwana yako iko muzima.

Narudilia, juu najua Mama atasema umesoma mubaya. Wilondja, fundi wa mitumbwi, baba ya batoto yako, iko ku Mpulungu, kule mwisho wa ziwa, upande wa Zambia. Sisemi Muzee Wilondja, babu yake. Ule tunajua iko mu kambi karibu na Kigoma. Nasema wa kwako.

Sasa sikia muzuri. Mu barua yako ya mwisho uliniambia kama ba shemeji bamepanga kumaliza matanga kisha mihogo kutoka shamba, na kutoka pale bakuingize mu nyumba ya Alimasi, mudogo wa bwana yako. Ukaandika: «Mi nimechoka kukatala.» Yaya, nilisoma ile sentensi mpaka karatasi ikalegea. Katala mara moja ingine. Alimasi ni mutu muzuri, sina neno naye, lakini we hauko mujane, na hawezi kuoa bibi ya kaka yake mwenye anapumua. Kama hii barua imechelewa na bamekwisha kukuingiza kule, toka. Beba sufuria yako na batoto, rudia kwa Mama, na mwenye kuuliza umuonyeshe hii karatasi.

Nimemupa pasta mwenye anapita Kigoma, alisema atavuka ziwa yeye mwenyewe mpaka Baraka. Isome kwa sauti mbele ya batu bote, mpaka pale utaona nimepiga mustari. Chini ya mustari ni yako peke yako. Hata Mama asisikie.

Kila mara unaniuliza nafanya kazi gani huku. Mi najibu «ordinateur», zile kompyuta, we unasema «ehee», inaisha pale. Leo nitakueleza yote, juu hiyo kazi njo ilikuvalisha nguo nyeusi.

Unajua muto Mutambala wakati wa mvua. Maji inapita, haisimame. Kama unataka kujua inabeba nini, majani, magogo, mbuzi ya mutu, hauwezi kuambia maji ingoje kwanza uhesabu. Unakaa pembeni, unaangalia. Mashini yetu inafanya vile, lakini haiangalie maji, inaangalia habari. Habari inaingia muchana na usiku, moja nyuma ya ingine, bila kuisha. Mashini inashika ile ya sasa, inaamua iende wapi, inaiachilia. Haiweke. Kuweka yote haiwezekane, ni mingi kupita kiasi. Inakumbuka tu yenye imeingia siku chache, na hizo siku chache tunaziita dirisha. Yenye imekwisha kupita dirisha, imekwenda. Hakuna mutu ataiona tena.

Shefu yetu ni mutu murefu, anasemaka na biskuti mu kinywa. Ile mashini anaipenda kupita batoto yake, na sababu ni hii: ni mashini ya kila kazi. Hakutengeneza moja ya kiwanda, moja ya banki, moja ya treni. Ni ile ile. Leo inaangalia joto ya tanuru ya vyuma, kesho treni zenye zimechelewa, na haibadilike kitu. «Mashini yangu haijue inabeba nini,» anasema, «na njo uzuri yake.» Kila mugeni akikuja, lazima asikie hiyo. Na mi pia nilikuwa nasemaka hivyo, kifua mbele, mutoto wa Baraka na tai yake ku shingo. Leo nikikumbuka nasikia aibu mpaka mu masikio.

Sasa shirika moja ya kusaidia batu ba vita ikakuja kutuomba kazi. Unakumbuka foni ya misioni, ile redio ya kusemea mbali, vile tulikuwa tunangoja inje mu jua, kila mutu na zamu yake? Mu kila kambi na kila parokia, operateri anasoma majina mu foni: fulani wa Makobola iko hapa, fulani wa Fizi anatafuta bibi yake. Majina ya Tanzania, ya Zambia, ya Burundi, yote inaandikwa na inaingia mu mashini yetu. Mashini inagawanya: hii Uvira, hii Baraka. Siku nilisikia tumepata hiyo kazi nililia na furaha. Nikasema, Mungu alijua juu ya nini alinileta huku.

Lakini foni, unaijua. Operateri anasoma jina, hewa inakatika, anarudilia. Jina ya mutu mumoja inaingia mara tatu, mara ine. Ile ya kurudilia, sisi ba mashini tunaiita doublon, na doublon ni takataka, inatupwa. Kanuni yetu ilikuwa hivi: jina moja, kijiji kimoja, ndani ya dirisha moja, ya kwanza inapita, zenye zinafuata zinatupwa. Na mahali mutu anapatikana? Shefu akasema tusiangalie mahali, mutu wa vita anahama kila siku, jina yake haihame. Tukaona ni akili.

We umekwisha kuelewa, najua. Huku Bulaya baba na mutoto banagawana jina ya nyuma, ya mbele kila mutu na yake. Kwetu mutoto akipewa jina ya babu anapewa yote, hakuna wa kuikata katikati. Wilondja Etabo, wa Lubondja, mutu mukubwa: ule ni Muzee. Na ni bwana yako vilevile. Ya Muzee njo ilitangulia. Ikafika Baraka, mukapiga vigelegele, juu kila mutu aliomba iwe ya kijana, Mungu atusamehe. Alimasi akavuka ziwa kwenda kuchukua kaka yake, akakuta ndevu nyeupe. Kurudi kwake mukasema, basi, mwenye amepona ni muzee, kijana amebaki mu maji siku ya kukimbia vita na kuvuka ziwa. Mukalala chini, mukalia. Kumbe kijana alikuwa anatuma jina yake toka Mpulungu, na mashini inasema: aa, huyu ni ule ule muzee, ametembea. Inatupa. Anatuma tena, inatupa tena. Mara ya kwanza ilimutupa juu ya ile kanuni. Zingine zilikuwa na sababu ingine, iko chini ya mustari.

Nilijua namna gani? Hapa njo kinyaa inaanza.

Juma iliyopita bageni bakubwa bakakuja kuona mashini. Shefu akataka baone vile iko na akili, basi akaniambia niifungulie daftari, kwa siku ine tu iandike kila kitu inatupa. Siku ya bageni tukazima taa, tukaangaza majina ku ukuta. Zenye zinapita, kijani. Zenye zinatupwa, nyekundu. Majina ya kwetu, Yaya. Ba Asukulu, ba M'munga, ba Byaombe, inashuka ku ukuta mbio mbio, na batu bamekaa na vikombe vidogo sawa vya kunywea dawa, banatafuna. Mama mumoja mwenye mukufu akasema: «Inapendeza!» Inapendeza! Batu benye balikimbia na batoto ku mugongo, miguu imevimba, banatafuta mama zao, njo inapendeza! Na unajua bakapigia nini makofi? Nyekundu. Nyekundu njo ilionyesha kama mashini haidanganyike.

Na pale pale, mu zile nyekundu, nikaona Wilondja Etabo, Lubondja, Mpulungu. Ikashuka, ikapotea.

Bageni kutoka tu, nikafungua daftari. Kuko mahali operateri anaandika maneno ya pembeni, tunaita remarki. Mashini hailete remarki kwa mutu, na ba shirika pia habazisome. Nikasoma. Ule operateri wa Mpulungu, Mungu amubariki, aliandika hivi: «Haiko ule muzee wa Kigoma. Huyu ni fundi wa mitumbwi, bibi yake Mauwa, Baraka. Anatuma mara ya tisa, tafazali.»

Mara ya tisa, Yaya. Tafazali.

Nikaiandika ku karatasi, nikaenda nayo kwa shefu. Akaisoma, akasema: «Ni kosa ndogo. Mashini ya kila kazi haikosake kosa ndogo.» Nikamuambia: «Hii kosa ndogo iko na bibi na batoto batatu.» Akaniangalia sawa mutu mwenye anaangalia mutoto amelia mu kanisa. Akasema nimuandikie note, ataiangalia wakati batatengeneza mashini mupya, juu hii bageni bamekwisha kuikubali na kutia sinya ku karatasi. Kisha akanipongeza juu ya ile rangi nyekundu. Biskuti ilikuwa imemushika ku ndevu, nikabaki kuangalia ile biskuti, juu kama ningeangalia macho yake ningemupiga. Pumbavu yule! Sijawai kuchukia mutu hivi, na hata hakunitukana.

Basi. Enda ku foni ya misioni, ombeni Mpulungu, semeni jina yote na muongeze fundi wa mitumbwi. Umuulize alikuwa anaita mutumbwi yake ya kwanza nani, juu hiyo we tu na yeye munajua. Mi niliandika barua kule, jibu haijafika. Sauti yake sijaisikia, sitaki kukudanganya. Najua tu kama juma iliyopita alikuwa anapumua na anakutafuta.

————————

Yaya, hapa uko peke yako? Kama hauko, funga barua kwanza.

Ile remarki nilikuandikia kule juu, nilikata neno moja. Haianze na «Haiko ule muzee». Inaanza na neno «Ndoyi».

Ule operateri ni mutu wa kwetu, alijua. Alijua batu ba Bulaya bataona jina mbili sawasawa na batadanganyika. Njo akaandika: ndoyi, ni kusema, muangalie muzuri, hawa ni batu babili, mumoja aliitwa juu ya mwingine. Na hakuwa peke yake. Ma operateri ba kambi zote, kila mutu kwake, bila kupatana, bakaanza kutia hiyo neno mu remarki. Ndoyi. Ndoyi. Neno ya kuokoa batu.

Na shefu akaiona. Mashini inahesabu maneno yenye inarudi mingi, na siku moja ikamuonyesha «ndoyi». Akaniita mbele ya bote. Akasema: «We, hii ni luga yako. Ndoyi ni nini?»

Yaya, toka nifike mu ile biro ya kazi hakuna mutu alikuwa ameniuliza kitu mbele ya bote. Miaka mbili nakaa pembeni ya mulango, bananiachia kazi ya kusafisha makosa ya bengine. Na siku hiyo shingo yote inageuka kwangu. Nikachekelea. Nikajibu na Kifaransa yangu ya shule: «Ni batu benye jina moja.»

Akapiga meza. «Benye jina moja! Basi ni doublon! Bao wenyewe banatuonyesha doublon!»

Na mi nilijua. Pale pale nilijua. Nilitaka kusema, hapana, shefu, ndoyi haiko doublon, ndoyi ni mutu wa pili. Mwenye anabeba jina ya babu yetu, Mama anamuitaka «ndoyi ya baba yangu» na anamupakulia nyama ya kwanza, juu ni mutu, haiko kivuli. Neno ilikuwa ku ulimi. Lakini bote balikuwa banacheka na furaha, mumoja akanipiga ku bega, shefu akasema: «Bravo, we njo tulikuwa tunakukosa.» Nikameza. Nikasema ndiyo, ni vile.

Akaniambia niandike kanuni. Nikaandika na hii mukono. Mistari tatu tu: kama mu remarki kuko neno ndoyi, tupa, usiangalie hata dirisha. Mbele ya pale Wilondja alikuwa anaweza kupona, juu dirisha ya jina ya Muzee ilikuwa itafungwa na siku moja jina yake ingepita. Kisha mistari yangu, hiyo siku haingefika tena. Mwenye alisemewa muzuri kupita bote, njo alitupwa mbele ya bote.

Kila jina nyekundu mu ile daftari iko na sababu yake pembeni. Nilisoma: ndoyi, ndoyi, ndoyi, ukurasa muzima. Nikaenda ku choo nikatapika kweli, haiko maneno ya barua.

Nakuambia shefu ni pumbavu, na iko. Lakini yeye hakujua. Ule mama wa mukufu hakujua. Mu ile nyumba yote ni mutu mumoja tu alikuwa anajua ndoyi ni nini, na ule mutu ni mudogo yako. Ninanyoa ndevu asubui bila kioo, sitaki kujiona.

Juzi nilifuta ile mistari tatu. Sikuuliza mutu. Toka juzi ba ndoyi banapita. Shefu akijua atanifukuza, na anifukuze, nitafagia gare ya treni. Lakini benye balitupwa mbele ya zile siku ine za daftari, hao habako tena mahali. Nilikuambia, mashini haiweke. Kama hakuna mutu wa kubasemea tena mu foni, bamekwisha kufa mara mbili, na mi njo nilibaua ya pili.

Mu hii bahasha utakuta karatasi ine. Ni majina yote ya daftari, niliandika na bic, moja moja, na mahali kila mutu anapatikana. Peleka kwa pasta na kwa padri, bazisome siku ya Mungu, polepole, na basome na remarki. Kuko majina ya batu ba ku milima, ba Minembwe, benye tunapigana nabo mu hii vita na tunabaitaka majina mabaya. Nazo zisomwe. Najua kutakuwa mutu wa kusimama na kusema hizo ziachwe. We umuambie kama ku mashini yangu balitupwa pamoja na bwana yako, mu karatasi moja, sababu moja. Ukikosa wa kuzisoma, zisome we mwenyewe ku soko, pale munauzia ndagala. Sauti unayo, toka utoto.

Unisalimie Mama, umuambie akunywe ile dawa na asitie chumvi mingi. Umusalimie mama mukwe wako, mwenye alikuwa analia usiku kwa mutoto mwenye iko muzima. Shangazi Nyasa wa Lubondja, na bwana yake mwenye mashamba ya karanga. Muzee Wilondja, siku mutamufikia, umuambie heshima yake kwangu haikupunguka, hana kosa kwa jina yake. Na Alimasi: umupe mukono yangu, yeye alivuka ziwa na mutumbwi kutafuta kaka yake, wakati mi nilikuwa nimekaa karibu na jina yake na kahawa.

Kama unaona muzuri, mueleze Wilondja yote siku atarudi. Kama unaona ni vibaya, nyamaza, utabeba wewe. Mi sitakuchagulia.

Lakini kitu kimoja nakuomba, na hii ni kuomba kwa magoti. Mungu akibarudisha we na bwana yako mu nyumba moja, na akibapa mutoto mwanaume, najua vile we unapenda, utataka kumuita jina yangu, juu ni mi tu ndugu yako mwanaume. Usifanye. Muite jina ya ule operateri wa Mpulungu, hata kama hautamujua sura. Mi sitaki ndoyi.

Mudogo yako,
Sango